Shule Zikifungwa, Siku ya Mtoto Ipangwe: Namna ya Kupunguza Muda wa Skrini Wakati wa Likizo

Mara mbili kila mwaka shule nyingi nchini Tanzania hufungwa kwa takriban mwezi mmoja: katikati ya mwaka, mwezi wa Juni, na mwishoni mwa mwaka, mwezi wa Desemba. Watoto hufurahi, na ni haki yao kufurahi. Wazazi wengi, hata hivyo, huendelea na kazi kama kawaida, ofisini, sokoni, dukani au shambani. Mtoto hubaki nyumbani na dada wa kazi, bibi au kaka yake mkubwa, na kati ya kifungua kinywa na chakula cha jioni hupatikana saa kumi au zaidi ambazo hakuna aliyezipangia shughuli. Saa hizo ndizo zinazochukuliwa na runinga, simu janja na kishikwambi.

Matokeo yake huonekana kliniki na darasani muhula mpya unapoanza. Yupo mtoto anayesinzia saa tatu asubuhi, yupo anayelalamika kwamba kichwa kinauma na ubao hauonekani vizuri, na yupo aliyeongezeka kilo kadhaa katika wiki chache. Wazazi hutuuliza swali moja: nimruhusu mtoto saa ngapi za simu kwa siku? Swali hilo ni la haki na lina majibu. Lakini uzoefu wa kliniki na tafiti zilizopo vinaelekeza kwenye swali linalopaswa kutangulia: siku ya mtoto huyu imepangwaje?

Shule humlinda mtoto kuliko tunavyodhani

Mwaka 2016 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watoto zaidi ya 18,000 tangu walipoanza chekechea hadi walipomaliza darasa la pili. Urefu na uzito wao vilipimwa kwa awamu, ili ongezeko la wakati wa masomo litenganishwe na lile la wakati wa likizo. Kiwango cha watoto wenye unene uliokithiri kilipanda kutoka asilimia 8.9 hadi asilimia 11.5. Ongezeko hilo lilitokea katika likizo mbili ndefu za kiangazi. Katika miaka mitatu ya masomo yenyewe halikuonekana.

Mazingira yetu yanatofautiana na ya Marekani. Likizo zetu ni fupi kuliko ya kwao, na watoto wetu wengi bado hutembea kwa miguu na kusaidia kazi za nyumbani. Hata hivyo, maelezo yanayotolewa na wataalamu kuhusu jambo hili yanatuhusu. Siku ya shule ina mpangilio. Mtoto huamka kwa saa inayojulikana, hutembea kwenda na kurudi, hula kwa wakati, hukimbia uwanjani wakati wa mapumziko, na kwa muda wote huo hana simu mkononi. Likizo inapofika, mpangilio huo wote huondoka kwa siku moja. Usingizi husogea, chakula huwa cha kudonoadonoa, miguu hupumzika na skrini hujaza nafasi iliyobaki.

Kwa sababu hiyo, kumnyang'anya mtoto simu bila kumpangia siku yake ni kuondoa kitu kimoja na kuliacha pengo palepale. Baada ya siku mbili za kilio na ugomvi, simu hurudi. Familia zinazofanikiwa huanza kwa kulijaza pengo.

Usingizi ndio wa kwanza kuharibika

Mtoto wa miaka 3 hadi 5 anahitaji kulala saa 10 hadi 13 kwa siku, ukijumuisha usingizi wa mchana. Wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12, na kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10. Usingizi ndio wakati ambao homoni ya ukuaji hutolewa kwa wingi na ubongo huhifadhi yale uliyojifunza mchana.

Giza linapoingia, ubongo hutoa homoni iitwayo melatonini, ambayo huuandaa mwili kulala. Mwanga wa skrini unaoelekezwa machoni usiku huzuia utolewaji wake. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2015, watu wazima 12 walisoma kwa saa kadhaa kabla ya kulala, kwa siku tano mfululizo, mara kwa kifaa chenye mwanga na mara kwa kitabu cha karatasi. Walipotumia kifaa, melatonini ilipungua, walichelewa kupata usingizi, saa ya ndani ya mwili ilisogea nyuma kwa takriban saa moja na nusu, na asubuhi iliyofuata walikuwa wazito kuamka. Hao walikuwa watu wazima. Lenzi ya jicho la mtoto ni angavu zaidi na mboni yake hufunguka zaidi, hivyo mwanga unaomfikia ndani ya jicho ni mwingi kuliko unaomfikia mzazi aliyeketi kando yake.

Mwanga ni sehemu tu ya tatizo. Mchezo wa simu na video fupi zinazofuatana zenyewe zimetengenezwa zisiwe na mwisho, na mtoto aliyesisimka halali hata skrini ikizimwa. Kanuni moja inayofaa karibu kila nyumba ni hii: skrini zote zizimwe saa moja kabla ya kulala, na simu zilale sebuleni au chumbani kwa wazazi, mbali na kitanda cha mtoto. Saa ya kuamka wakati wa likizo isipishane na ile ya shule kwa zaidi ya saa moja. Kwa kufanya hivyo, wiki ya kwanza ya muhula haitakuwa ya kupambana na usingizi.

Macho yanahitaji uwanja

Wazazi wengi huamini kwamba skrini huunguza macho. Ushahidi tulio nao ni wa namna nyingine. Mtoto anayetazama kitu kilicho karibu kwa saa nyingi huchosha misuli ya macho, hupepesa kope mara chache, na macho hukauka na kuwasha. Usumbufu huo kwa kawaida huisha akipumzika. Jambo zito zaidi ni kutoona mbali, hali ambayo mboni nzima ya jicho hurefuka kupita kiasi katika miaka ya ukuaji, na ambayo imeongezeka sana duniani, hasa katika miji ya Asia Mashariki.

Kinga iliyothibitishwa vizuri ni rahisi kuliko inavyotarajiwa. Katika mji wa Guangzhou nchini China, shule 12 ziligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi mawili. Watoto wa darasa la kwanza katika kundi moja waliongezewa kipindi cha dakika 40 nje ya darasa kila siku ya masomo. Wenzao waliendelea kama kawaida. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba baada ya miaka mitatu, watoto waliopata tatizo la kutoona mbali walikuwa asilimia 30.4 katika kundi la waliotoka nje, na asilimia 39.5 katika kundi jingine. Mwanga wa mchana wenyewe unaonekana kusaidia jicho likue kwa kiasi chake.

Sisi tuna jua mwaka mzima. Tusilifungie nje. Mtoto akicheza rede, gololi, kombolela au chandimu kivulini kuanzia saa 10 alasiri, tayari anapata mwanga unaozidi kwa mbali ule wa sebuleni. Anapolazimika kutumia skrini, afundishwe kuinua macho kila baada ya dakika 20 na kutazama kitu kilicho umbali wa mita sita kwa sekunde 20.

Mtoto mdogo hujifunza kusema kwa kujibiwa

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019 kuhusu watoto walio chini ya miaka mitano. Kwa mtoto ambaye hajatimiza mwaka, na kwa wa mwaka mmoja, muda wa skrini haupendekezwi kabisa. Kwa watoto wa miaka 2 hadi 4, usizidi saa moja kwa siku, na ukiwa pungufu ya hapo ni bora zaidi. Mawasiliano ya video na ndugu aliye mbali hayana shida hiyo, kwa kuwa mtoto huzungumza na mtu anayemwitikia.

Sababu ya mwongozo huu huonekana wazi kliniki. Mama mmoja alimleta binti yake wa miaka miwili na nusu akiwa na wasiwasi. Mtoto aliweza kuhesabu hadi kumi kwa Kiingereza na kutaja rangi kadhaa, yote kutoka kwenye video za simu, lakini hakuweza kuomba maji. Akitaka kitu aliushika mkono wa mama na kuuvuta. Tulipima usikivu wake na ulikuwa mzuri. Tulimchunguza pia kwa matatizo mengine ya ukuaji. Ushauri ulikuwa simu ifungwe, bibi azungumze naye akiwa anapika na kumwogesha, na watoto wa jirani wakaribishwe. Baada ya miezi minne alikuwa akiunganisha maneno mawili, na miongoni mwa maneno yake ya kwanza lilikuwepo "maji".

Mtoto mmoja hathibitishi jambo, na si kila mtoto anayechelewa kusema amecheleweshwa na simu. Haijathibitishwa kwamba skrini husababisha usonji, na mzazi asibebeshwe lawama hiyo. Tunachojua ni kwamba lugha hujengwa kwa kupokezana: mtoto hutoa sauti, mtu humwangalia na kumjibu, mtoto hujaribu tena. Video huzungumza bila kumsubiri. Kila saa anayoipitisha peke yake na video ni saa iliyotolewa katika mazungumzo hayo.

Si kila skrini ina uzito uleule

Itakuwa kosa kuzipima skrini zote kwa mizani moja. Vipindi vya katuni vilivyotengenezwa hapahapa Tanzania, kama Ubongo Kids na Akili and Me, vimetungwa kufundisha hesabu, herufi na tabia njema kwa Kiswahili, na tafiti zilizofanywa nchini zimeonyesha kwamba watoto waliovitazama walijifunza. Filamu moja ambayo familia nzima inaitazama pamoja Jumamosi jioni na kuijadili ina thamani tofauti na video mia moja fupi zilizotazamwa chini ya shuka.

Kwa watoto wa miaka 5 hadi 17, Shirika la Afya Duniani halikuweka idadi maalumu ya saa za skrini. Mwongozo wake wa mwaka 2020 unasema muda wa kukaa tu, hasa wa skrini za burudani, upunguzwe, na mtoto apate kwa wastani angalau dakika 60 kila siku za shughuli zinazompandisha mapigo ya moyo. Kwa hiyo mzazi wa mtoto wa umri huo ahakikishe kwanza mambo manne: amelala vya kutosha, amecheza au kufanya kazi ya kutoa jasho, amekula mezani au mkekani bila skrini, na amezungumza na watu. Kinachobaki baada ya hayo kinaweza kuwa cha skrini, na kwa kawaida hakizidi saa moja au mbili.

Hofu ya barabarani

Mzazi wa mjini ana hoja nzito: "Afadhali akae ndani na simu kuliko agongwe na bodaboda." Hofu hiyo ina msingi. Likizo ina ajali za barabarani, watoto wanaozama katika madimbwi na visima visivyofunikwa, na watu wazima wasio wema. Lakini mtoto aliye ndani na simu yenye intaneti hajafungiwa na usalama. Anaweza kufikiwa na picha zisizofaa, matusi ya wenzake na wageni wanaojifanya watoto. Tofauti ni kwamba hatari hiyo haina honi.

Jibu linalowezekana ni kugawana ulinzi. Majirani watatu wanaweza kukubaliana kwamba uwanja wa mmoja wao, wa shule au wa nyumba ya ibada utumike kuanzia saa 10 hadi saa 12 jioni, na kila siku mtu mzima mmoja awepo pale akiwa macho kweli, simu yake ikiwa mfukoni. Kijana anayeonewa au kutishwa mtandaoni, au mzazi wake, anaweza kupiga simu ya huduma kwa mtoto, namba 116, bila malipo.

Wakubwa waanze

Hakuna mpango utakaosimama ikiwa baba anakula na simu karibu na sahani na mama anajibu "ngoja kidogo" macho yakiwa kwenye kioo. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na huleleka zaidi kwa anachokiona kuliko kwa anachoambiwa. Wazazi wengi huhitaji simu kwa kazi, na mtoto anaweza kueleweshwa hivyo. Kinachowezekana ni kutenga nyakati ambazo hakuna simu ya mtu yeyote: wakati wa chakula, nusu saa ya kwanza baada ya mzazi kurudi nyumbani, na saa ya mwisho kabla ya kulala.

Mpango wenyewe uandaliwe wiki moja kabla ya shule kufungwa, watoto wakishirikishwa. Hatua zifuatazo zimezisaidia familia nyingi.

Kwanza, andikeni kwenye karatasi moja saa ya kuamka, saa za kula, kazi ya nyumbani ya kila mtoto, saa ya kucheza nje, saa ya skrini na saa ya kulala. Karatasi ibandikwe ukutani. Anayebaki na watoto, awe dada wa kazi au bibi, ashirikishwe kuiandaa, maana yeye ndiye atakayeitekeleza. Kumwachia watoto wanne kutwa nzima bila msaada na kumlaumu kwa kuwasha runinga si haki.

Pili, skrini iwe na saa yake maalumu, kwa mfano saa 9 alasiri hadi saa 10, baada ya kazi na kabla ya kutoka kucheza. Mtoto anayejua saa yake inakuja hasumbui kutwa nzima. Runinga isiyotazamwa na mtu izimwe.

Tatu, punguzeni hatua kwa hatua. Mtoto aliyezoea saa sita asishushwe hadi moja kwa siku moja. Apunguziwe nusu saa kila baada ya siku mbili. Siku tatu au nne za mwanzo huwa na kununa na kulia. Hali hiyo hupita ikiwa wakubwa wote nyumbani wana msimamo mmoja.

Nne, wekeni tayari vitu vya kufanya. Mpira, kamba ya kuruka, kete za bao, kokoto za mdako, vitabu vya hadithi vya kuazima, bustani ndogo ya mchicha, zamu ya kujifunza kupika ugali. Mtoto akisema hana la kufanya, asiharakishiwe simu. Michezo mingi huanzia hapo.

Tano, zawadi na adhabu zisiwe skrini. Simu ikiwa ndiyo zawadi ya tabia njema, mtoto hujifunza kwamba ndicho kitu chenye thamani kuliko vyote nyumbani.

Kwa mtoa huduma wa afya

Kwa mwenzangu aliye zahanati, kituo cha afya au anayetembelea kaya, mazungumzo haya hayahitaji vifaa. Wakati wa kupima uzito au kutoa chanjo, maswali matatu yanatosha: mtoto hulala na kuamka saa ngapi, hucheza nje kwa muda gani, na hula akiwa anatazama nini? Majibu yatakuonyesha pa kuanzia. Sikiliza kabla ya kushauri. Mama anayempa mtoto simu ili apate kuwasha jiko na kufua ana tatizo la msaada, na ushauri unaolipuuza hilo hautafuatwa. Chagueni pamoja badiliko moja, kisha uliulizie katika hudhurio linalofuata.

Zipo dalili ambazo hazipaswi kusubiri likizo iishe. Mpe rufaa mtoto ambaye akiwa na miezi 16 hana neno hata moja, au akiwa na miaka miwili haunganishi maneno mawili, au aliyepoteza maneno aliyokuwa nayo, hata kama familia inaamini kosa ni la simu. Mpe rufaa pia anayekunja uso ili aone mbali au kusogelea runinga, anayekoroma kwa nguvu na kukatika pumzi usingizini, na kijana aliyejitenga, aliyeacha vitu alivyovipenda au anayezungumza kuhusu kujidhuru. Kijana wa namna hiyo huenda amekimbilia kwenye simu kwa sababu ya maumivu mengine, na kumnyang'anya tu hakutamponya. Anahitaji kuonwa siku hiyohiyo.

Kwa familia nyingine zote, likizo ijayo inaweza kuanza na karatasi moja ukutani na saa moja uwanjani. Wiki ya kwanza itakuwa ngumu. Mwangalieni mtoto katika wiki ya pili: anavyolala, anavyokula na anavyozungumza.